Themu zinarudishwa kwa sababu mnatuma uchafu, wakaguzi msiwasingizie

Wakuu, hizi kelele zimezidi. Kila siku mtu analia kwamba themu yake ya WordPress (faili zinazoipa tovuti sura yake) imekataliwa na wakaguzi wa orodha ya themu ya WordPress.org, miongozo ni kandamizi, kuna watu wanabebwa. Ukifungua zipu yake unakutana na madudu ambayo angeyaona mwenyewe kama angeijaribu kabla ya kuituma. Wakaguzi wanajitolea, hawalipwi na nyinyi, na kila themu mbovu mnayoisukuma inamchelewesha aliyeandika yake vizuri na yuko nyuma yenu kwenye foleni.

Tuanze na picha, maana hapo ndipo wengi mnapoumbuka. Kila kilichomo ndani ya zipu lazima leseni yake iendane na GPL (leseni huria ya WordPress): picha, fonti, ikoni, hata picha inayoonekana ndani ya skrinishoti. "Lakini nimeipakua bure Unsplash, tovuti ya picha!" Kupakua bure ni jambo moja, leseni ni jambo jingine. Unsplash waliachana na CC0 (leseni inayoachia kila haki) mwaka 2017 na leseni yao ya sasa inakataza kukusanya picha zao ili kuanzisha huduma inayofanana na yao. GPL haikubali kuongezewa vikwazo, kwa hiyo hapo hakuna cha kubishania. Pixabay, tovuti nyingine ya picha, nao walibadilisha leseni 2019. Chukueni picha za CC0 kwenye hazina ya picha ya WordPress yenyewe, kisha kwenye readme.txt andikeni jina la faili, mwenye hakimiliki, leseni, na linki ya ukurasa wa picha hiyo hiyo. Linki ya ukurasa wa mwanzo wa tovuti haimsaidii mtu yeyote. Na nani aliwafundisha kuandika "Font Awesome: MIT" tu kwa seti hiyo ya ikoni? Toleo la bure lina leseni tatu: ikoni ni CC BY 4.0, fonti ni SIL OFL 1.1, msimbo ni MIT. Zote zinakubalika, andikeni zote.

La pili ni usalama, na hapa ndipo hasira inanipanda zaidi. Mtu anachukua thamani ya get_theme_mod (mpangilio uliohifadhiwa na mtumiaji wa themu) na kuimwaga moja kwa moja kwenye ukurasa. Kila kinachotoka kisafishwe palepale kinapochapishwa, tena kwa kazi (function) inayolingana na mahali kinapokwenda: maandishi ya kawaida esc_html, ndani ya sifa ya tagi esc_attr, linki esc_url. Wengine mnaweka esc_attr kwenye href mkadhani mmemaliza. Hiyo inashughulikia alama za nukuu na mabano tu, anwani inayoanza na javascript: inapita kama ilivyo. esc_url ndiyo inayoikata. Upande wa kuingiza, kila mpangilio wa Customizer (ukurasa wa kurekebisha sura ya tovuti) uwe na sanitize_callback, yaani kazi ya kusafisha kinachoingizwa. Rangi ipitie sanitize_hex_color, na orodha ya kuchagua ilinganishwe na chaguo mlizoziweka wenyewe.

Halafu kuna wale wanaotaka themu ifanye kila kitu. Mnasajili aina mpya za machapisho kwa ajili ya "kazi zetu", mnaongeza na shortcode kumi (vifupisho vya mabano ya mraba vinavyogeuzwa kuwa maudhui). Siku mteja akibadilisha themu, machapisho yale yanabaki kwenye hifadhidata lakini dashibodi haiyaonyeshi tena, na kurasa zake zinajaa mabano ya mraba yasiyosomeka. Ndiyo sababu sheria inasema hayo ni mambo ya plagini (programu-jalizi). Themu ni sura, data ya mtu iacheni.

Text domain (jina linalotambulisha maneno ya kutafsiri) lazima ifanane na slagi ya themu (jina lake fupi la kwenye anwani) na iandikwe kama maneno yenyewe. Msiiweke kwenye kigeugeu: zana zinazokusanya maneno ya kutafsiri husoma faili tu, haziendeshi PHP. Majina ya kazi, madaraja (class) na chaguo nayo yawe na kiambishi cha themu yenu. Mmeanzia kwenye Underscores (themu tupu ya kuanzia) halafu mabaki ya _s_ yametapakaa kila faili, aibu hiyo. (Maktaba za nje za msimbo kama Swiper msiziwekee kiambishi kwenye jina la kusajilia. Plagini nyingine ikiileta maktaba ileile kwa jina lilelile, WordPress inaipakia mara moja tu.)

Kibodi hamuigusi kabisa. Menyu inafunguka kwa :hover peke yake, mtu wa Tab anapita juu ya kitu asichokiona. Ongezeni :focus-within, ondoeni outline: none, wekeni linki ya kuruka hadi kwenye maudhui, na linki zilizo ndani ya makala zipigiwe mstari. Lebo ya accessibility-ready (inayosema themu inafikika na watu wenye ulemavu) ni hiari, lakini ukiibandika unapimwa kwa vigezo vyake, ikiwemo tofauti ya rangi ya 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida. Msiibandike kama pambo.

Kabla ya kutuma: washeni WP_DEBUG (hali ya kuonyesha makosa), ingizeni data ya majaribio ya themu, endesheni plagini ya ukaguzi ya Theme Check na mrekebishe kila kilichoandikwa REQUIRED. Kisha someni msimbo wenyewe kwa macho, kwa sababu Theme Check haijui picha imetoka wapi. Skrinishoti isizidi pikseli 1200 kwa 900. Faili za JS zilizobanwa ziambatane na chanzo chake. Mkirekebisha, pandisheni namba ya toleo kwenye style.css kabla ya kupakia tena.

Anayedai ameonewa aweke hapa readme.txt yake na maoni ya mkaguzi kama yalivyo, tuyapitie mstari kwa mstari.