Naombeni ushauri: Krismasi yangu ya kwanza Ujerumani, nizunguke au nikubali mwaliko wa Annaberg?

Nesi_Leipzig

Wakuu, habari za jioni. Nipo Leipzig, nasoma unesi kwa mfumo wa Ausbildung (unasoma huku unafanya kazi), mwaka wa kwanza. Kwetu ni Machame. Wachagga wenzangu mnajua Desemba ni mwezi wa kupanda basi kurudi nyumbani ukahesabiwe, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kukosa. Mwaka huu sitahesabiwa. Nauli ya ndege imenishinda, na kazini zamu zimeshapangwa: nina mapumziko tarehe 23 hadi 28, na mkesha wa mwaka mpya niko zamu ya usiku.

Nina njia mbili mbele yangu. Ya kwanza, mimi na rafiki yangu wa Mombasa tunayesoma naye tumepanga kuzunguka: 24 tulale Nürnberg, 25 Strasbourg, 26 Vienna, 27 Prague, 28 turudi Leipzig. Nimetenga euro 350. Hamu yangu kubwa ni masoko ya Krismasi, nimekuwa nikiyaangalia kwenye simu tangu niko form four.

Ya pili, kuna mama mmoja tunafanya naye kazi wodini, mtu mzima mwenye roho nzuri. Amenialika kwao Annaberg, kule milimani mpakani na Cheki, kuanzia 24 hadi 26. Ameniambia siku ile nisikae peke yangu. Nimeguswa sana, lakini nina hofu. Familia siijui, Kijerumani changu ni B1 ya darasani na wao wana lafudhi yao nzito, na nasikia vijiji vya jimbo hili la Sachsen si vizuri kwa mtu mweusi. Halafu rafiki yangu nitamwachaje?

Naombeni mawazo ya waliokaa huku muda mrefu.

Mzee_wa_Elbe

Mdogo wangu, karibu Sachsen. Nakaa Dresden, watoto wangu wamezaliwa hapa.

Kwanza hiyo ratiba ifute. Masoko ya Krismasi ni ya kipindi cha Majilio, hayangoji Krismasi yenyewe. Leipzig wanafunga 23. Nürnberg na Dresden wanafunga 24 mchana. Ukishuka Nürnberg jioni ya 24 utakuta vibanda vimefungwa na mitaa mitupu, kila mtu yuko ndani na familia yake, kwa sababu Wajerumani zawadi wanafungua jioni hiyohiyo ya 24. Vienna pale mbele ya jumba la jiji wanaendelea hadi 26. Prague ndio wanakwenda hadi 6 Januari.

Maduka nayo: mwaka huu wa 2025 tarehe 24 ni Jumatano, yanafungwa saa nane mchana. Tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu. Yanafunguliwa Jumamosi 27, halafu Jumapili yamefungwa tena. Kinachobaki wazi ni vioski vya stesheni kubwa, vituo vya mafuta na baadhi ya migahawa. Watu wageni hulala njaa Krismasi wakiwa na hela mfukoni. Nunua chakula tarehe 22, maana 23 foleni inafika hadi kwenye friji za maziwa.

Sasa ufanye nini? Tumia siku zako za mapumziko za Majilio, kabla ya 23. Kama una Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi, treni zote za mkoa umeshazilipia. Leipzig hadi Dresden kwa RE ni kama saa moja na nusu, hubadilishi treni. Striezelmarkt, soko la Krismasi la hapa kwetu, ilianza mwaka 1434, na Jumamosi kabla ya Majilio ya pili wanapitisha mjini Stollen (keki ya Krismasi) kubwa inayokokotwa na farasi, wanaikata na kuwauzia watu vipande. Nürnberg usiende kwa treni za mkoa, utachoka. Panda ICE, treni ya kasi, kama saa mbili tu, ila tiketi nunua leo usiku, maana bei ya Desemba hupanda kila unapochelewa.

Na hapohapo Leipzig ulipo, usipite bila kuona. Soko lake linahesabiwa tangu 1458, na kanisa la Thomas ndilo alilofanyia kazi mtunzi wa muziki Bach kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Mchana wa tarehe 24 kuna ibada na kwaya ya wavulana. Ukitaka kukaa kitako, fika mapema sana.

Kwa wewe wa Machame nakuongezea jambo. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na shirika lao bado lipo mjini kwako na bado lina uhusiano na KKKT. Nenda uwasalimie kabla ya sikukuu. Kuna watu pale waliokaa Tanzania na watafurahi kusikia Kiswahili.

Alsace_Kijana

Mimi napingana na mzee kidogo, kwa heshima. Binti ni kijana, ana hela yake, ana mwenzake wa kutembea naye. Mwaliko wa familia utakuja tena mwakani. Strasbourg ina soko tangu 1570, na mji wenyewe umekaa kati ya Ufaransa na Ujerumani, chakula cha huku na cha kule. Akienda wikendi ya katikati ya Desemba asilale Strasbourg, hoteli zinauma. Alale Kehl upande wa Ujerumani, tramu D inavuka mto Rhine hadi katikati ya mji. Siku ya pili apande treni hadi Colmar, ni nusu saa. Atakumbuka maisha yake yote.

Mzee_wa_Elbe

@Alsace_Kijana Strasbourg sibishi, ni pazuri mno. Ila kutoka Leipzig ni safari ya siku nzima kwa mtu anayefanya zamu wodini. Aende mwakani akiwa na likizo ndefu. Tarehe 24 jioni hosteli ya ugenini si mahali pa binti wa mwaka wa kwanza.

MamaWawili_Chemnitz

Mwanangu, nenda Annaberg. Mimi nimeolewa na mtu wa huko, kwa hiyo nitakuambia utakachokikuta.

Hii milima inaitwa Erzgebirge, ilikuwa ya migodi ya fedha na bati. Wachimba migodi wakati wa baridi waliingia shimoni kukiwa giza na kutoka kukiwa giza, jua hawalioni hadi Jumapili. Ndiyo maana Krismasi yao yote ni mwanga. Kila dirisha lina tao la mbao lenye taa saba au zaidi, wanaliita Schwibbogen, na ndani ya tao kumechongwa mchimba migodi na malaika. Saa kumi jioni jua likizama, mtaa mzima unawaka madirishani. Ndani utakuta mzee wa mbao anayefuka ubani mdomoni, na mnara wa mbao wenye mapanga juu kama ya feni, joto la mishumaa linauzungusha. Vitu hivi familia nyingi zimerithi, usishike bila kuambiwa.

Jioni ya 24 kwa familia nyingi za Sachsen ni saladi ya viazi na soseji. Lakini Annaberg wengi bado wanapika Neinerlaa, vyakula tisa, na kila kimoja kina maana yake. Dengu ni ili chenji zisikauke nyumbani, na donge za viazi ni ili noti kubwa zisikauke. Chini ya sahani huwekwa sarafu. Usiiondoe, na usinyanyuke mezani hadi wote wamalize, ni mwiko wao. Bakisha nafasi tumboni, onja kila kitu hata kidogo. Kwao ukiruka chakula kimoja ni kama umekataa baraka yake.

Lugha isikutishe. Lahaja yao hata Wajerumani wa Hamburg hawaielewi. Wakikuongelesha, watajitahidi kunyoosha.

Na kama unaweza kubadilishana zamu, Jumapili ya 21, Majilio ya nne, Annaberg wana gwaride la mwisho la wachimba migodi. Wanavaa sare za zamani, na tarumbeta zinajaza mji. Kutoka Leipzig unapanda RE hadi Chemnitz, halafu treni ndogo ya milimani, zote ndani ya tiketi yako ya mwezi.

Binti_Rungwe

Naunga mkono. Na kama kuna Wamoravian humu, Herrnhut ipo hukuhuku Sachsen! Kijiji kile kilianzishwa 1722, na wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitumwa kutoka huko. Zile nyota za karatasi zenye miiba mirefu unazoziona zimening'inia kila kibaraza cha Leipzig zinatoka kwao, na kuna karakana unaweza kuona wanavyozikunja na kuzigundisha kwa mkono. Mwaka 2024 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Nilisimama kwenye makaburi yao, mawe yote yamelazwa sawasawa, tajiri na maskini, nikalia. Bibi yangu alikuwa anaimba nyimbo zao kila asubuhi. Kwa treni ni hadi Löbau halafu basi.

Mpita_Njia_Berlin

Mnampa raha tu, hamjajibu swali lake la usalama. Sachsen vijijini, binti mweusi, usiku. Semeni ukweli.

MamaWawili_Chemnitz

Umeuliza vizuri na nitasema ukweli. Kutazamwa utatazamwa, na maneno mabaya yapo, nimeyasikia mwenyewe na watoto wangu wameyasikia. Ninachomwambia binti ni hiki: asafiri mchana wa 24, sio jioni, maana treni za jioni zinakuwa na walevi. Akae behewa lenye familia, au karibu na kondakta. Mwenyeji aje ampokee stesheni, na amwombe hilo waziwazi, si aibu. Akifika kanisani na sokoni akiwa na familia ya pale, anakuwa mgeni wa fulani, na mji mdogo unaheshimu hilo. Huyo mama anafanya naye kazi kila siku, amemwona anavyowahudumia wagonjwa. Mwaliko wa namna hiyo Mjerumani hautoi ovyo.

Abu_Salmin_Tanga

Assalaam alaykum nyote. Niko Rotterdam. Nimeona rafiki yake anatoka Mombasa. Je, ni Mwislamu?

Nesi_Leipzig

Waalaykum salaam kaka. Ndiyo, ni Mwislamu na anaswali. Jana nilipiga moyo konde nikamuuliza yule mama kama naweza kuja naye. Akanijibu palepale kwamba chumba cha mwanaye kiko wazi na anataka kujua kama tuna baridi usiku tuongezewe mablanketi.

Abu_Salmin_Tanga

Mashallah. Basi sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wanapata tabu wakiwa mezani. Mwambieni huyo mama sasa hivi, sio siku yenyewe. Soseji ni nguruwe. Saladi ya viazi mara nyingi ina vipande vya nguruwe au supu ya nyama, na kabichi nyekundu wengi huikaanga kwa mafuta ya nguruwe au ya bata. Stollen zabibu zake hulowekwa ramu, aulize kabla ya kula. Dengu, samaki, donge za viazi na tufaha hana tatizo navyo zikipikwa kando. Mjerumani ukimwambia mapema anapanga na anafurahi. Ukimwambia mezani unamvunja moyo.

Sokoni ni hivyohivyo. Glühwein ni mvinyo wa moto, iacheni. Ulizeni Kinderpunsch, ni maji ya matunda na viungo, mdalasini na karafuu, itawakumbusha nyumbani. Kikombe mnalipia amana, mkikirudisha mnarudishiwa hela, au mnabaki nacho kama ukumbusho.

Mzee_wa_Elbe

Vizuri sana. Sasa Prague msiiache, maana ndiyo iliyobaki wazi. Rudini Leipzig 26, na 27 asubuhi mpite Dresden. Kutoka hapa treni ya Prague ni kama saa mbili na nusu, inafuata mto Elbe kati ya miamba. Kaeni upande wa kushoto mkienda. Mlale usiku mmoja, 28 mrudi. Bebeni pasipoti na kadi ya ukaazi, zote mbili, zile halisi na siyo picha kwenye simu, kwa sababu polisi wa mpakani hupita ndani ya treni. Kadi ikiwa hai, Schengen nzima unaruhusiwa kutembea hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza haimo. Kule Cheki hela ni koruna, na vile vibanda vya kubadilisha fedha vya katikati ya mji muviepuke, toeni kwenye mashine ya benki.

Na miguu, mdogo wangu. Koti zuri kila mtu ananunua, viatu anasahau. Baridi ya sokoni inapanda kutoka chini kwenye mawe. Soli nene, soksi za sufu, na kiatu kiwe kikubwa kidogo ili vidole vicheze.

Nesi_Leipzig

Nawashukuru sana wote, Mungu awabariki. Tumeamua. Jumamosi ya Stollen tunakwenda Dresden, 24 hadi 26 tuko Annaberg wote wawili, na Prague 27. Suala la chakula nimeshamwandikia mwenyeji wetu, akanijibu kwamba atapika samaki na kutumia sufuria mpya. Nürnberg na Strasbourg nimeziwekea mwakani. Katika zile euro 350 kuna kiasi nitamtumia mama yangu kule Machame anunue ndafu, ili niwepo kwa namna hiyo.

Swali la mwisho: tubebe nini? Sitaki kwenda mikono mitupu.

MamaWawili_Chemnitz

Kahawa ya Kilimanjaro, ipo kwenye maduka ya biashara ya haki hapo Leipzig, na umwambie inalimwa kwenu. Kama una khanga mpya mpelekee mmoja na umsomee jina lake. Hela msimpe, ataona amelipwa. Bebeni ndala za ndani, kwao viatu huachwa mlangoni na sakafu ni ya baridi. Mwombe rafiki yako atengeneze mahamri siku ya pili, jiko watampa, na watoto wa nyumba hiyo watamzunguka. Muwahi: wakisema saa tisa, saa tisa muwe mlangoni. Mkishapanda treni pale Chemnitz mtumieni ujumbe, aje stesheni.