Ushauri: Kupanda milima ya Gombe mwezi wa nne, njia zinapitika kweli?

Mtoto wa Unyanyembe (Tabora), 9 Machi

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo.

Sisi ni watu 6 wa kikundi cha jogingi hapa Tabora mjini. Kila Jumamosi tunakimbia, lakini nchi yetu mnaijua: tambarare mwanzo mwisho, mlima mrefu kuliko yote ni kichuguu. Mmoja wetu akaleta wazo la kupanda treni likizo ya Pasaka twende Kigoma, tuvuke hadi Gombe, ile hifadhi ya sokwe, tulale siku 2 na kupanda hadi ukingo wa juu ule unaotazama ziwa. Wote wameshashangilia. Mimi ndiye niliyebaki na roho mkononi.

Sababu ni hii. Miaka 3 iliyopita nilikwenda Lushoto mwezi wa nne huu huu. Kupanda nilipanda vizuri, hata nikawa natania wenzangu. Wakati wa kushuka udongo ukanipokonya miguu, nikakaa chini bila kukaribishwa, na kifundo cha mguu kikavimba kama embe dodo. Nikashushwa mgongoni na kijana niliyemzidi karibu kilo 20. Mke wangu hadi leo akiona picha yoyote ya mlima ananitazama kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo nauliza wenyeji na waliowahi kufika: masika huko yanaharibu njia kwa kiasi gani? Tusogeze mbele? Na tuvae nini miguuni, maana duka la viatu vya milima hapa kwetu sijaliona.

---

Chuma cha Zamani

Ahirisha. Nimemaliza.

---

Mwisho wa Reli (Kigoma Ujiji)

Mtoto wa Unyanyembe, karibu sana Kigoma, ila kwanza nikurekebishe jambo dogo ambalo watu wa Dar na Tanga wametuambukiza sote. Huku hakuna vuli na masika. Sisi tuna msimu mmoja tu: mvua zinaanza Novemba, wakati mwingine Oktoba mwishoni, zinakwenda hadi Aprili na kumalizikia mwanzoni mwa Mei. Nalisema hili kwa sababu ukifika Aprili hukuti mvua inayoanza. Unakuta ardhi imekunywa miezi 5 mfululizo na haina tena pa kuweka maji. Mvua ya nusu saa ya Aprili inafanya kazi ambayo mvua ya saa 3 ya Novemba haifanyi.

Nilibeba vifaa vya watafiti pale Gombe kwa misimu 3, kwa hiyo njia zile nazijua kwa magoti. Hifadhi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 50 na kitu, utepe mwembamba kati ya ziwa na ukingo wa Bonde la Ufa. Huo wembamba ndio unaowadanganya watu. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, ukingo unafika karibu 1,500, na kati ya hapo na pale hazifiki kilomita 4. Piga hesabu mwenyewe. Hakuna mahali pa kupumzisha mguu.

Sasa kuhusu kuteleza. Watu wanadhani kiangazi hakitelezi. Gombe inateleza miezi yote 12, kinachohama ni mahali. Mvua zikiwepo, pabaya ni mabondeni, Kakombe, Mkenke na kule kwingine: msitu mnene, jua halifiki chini, mizizi imelowa, majani yameoza juu ya udongo laini, na mawe ya vijito yana ute. Kiangazi mabonde yanakuwa mazuri, lakini kule juu kwenye migongo ya vilima changarawe inakauka na kulala juu ya mwamba kama punje za mahindi zilizomwagika sakafuni. Wageni wengi niliowaona wakianguka mwezi wa nane walianguka juu, tena pakavu kabisa.

Jambo la pili la Aprili ni nyasi. Kule juu hakuna msitu mnene, ni nyasi na miti ya miombo kama ya kwenu Tabora, na mwezi wa nne nyasi zinampita mtu mzima kichwa. Huoni unapoweka mguu. Umande peke yake unakulowesha hadi kiunoni kabla jua halijapata nguvu. Na siafu. Wakati wa mvua wanahama kwa misafara, ukisimama kupiga picha katikati ya msafara wao utavua suruali mbele ya wenzako, na hapo hakuna heshima itakayobaki kwenye kikundi cha jogingi.

Ushauri wangu: wiki ya mwisho ya Mei. Mvua zimekatika, udongo wa mabondeni umeanza kushikana, changarawe ya juu haijawa punje bado. Halafu kuna zawadi ambayo vitabu vya watalii vinaisahau. Hewa imeoshwa. Ukifika juu unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa imekaa pale kama ya jirani. Njoo Agosti au Septemba, moshi wa mashamba na vumbi vinafunika kila kitu, unaambiwa tu "Kongo iko kule".

---

Nahodha Mstaafu

Mwisho wa Reli kasema yote ya nchi kavu, mimi niseme ya majini, maana Gombe haifikiki kwa gari. Ni kilomita kama 16 kaskazini ya mji, kwa boti tu. Boti za abiria zinaondokea Kibirizi zikielekea vijiji vya kaskazini, Mwamgongo hadi Kagunga, na zinashusha watu wa Gombe njiani. Ni nafuu, lakini mnakaa pamoja na magunia, mbuzi na matenki ya mafuta ya taa, na safari ni saa kadhaa. Kwa watu 6 mkichanga mnaweza kukodi boti yenu.

Vijana, Aprili dhoruba inakuja ziwani bila kubisha hodi. Ukiona wingu jeusi limekaa upande wa Kongo na upepo umekata ghafla, usimbembeleze nahodha aondoke kwa sababu treni yenu ni kesho. Laleni. Na kila mtu avae boya, si kulikalia. Nimeona wasomi wakiligeuza mto wa kulalia.

---

Kocha Bonge

Kuhusu viatu: njumu za mpira wa miguu. Sitanii. Zile za meno ya plastiki. Nilipanda nazo Uluguru mwezi wa tatu, zinang'ata udongo kama paka.

---

Mwisho wa Reli

Kocha, kwenye udongo mtupu nakubaliana nawe. Vijito vya Gombe je? Njumu juu ya jiwe lenye ute ni sawa na kuvaa barafu. Hata gambuti sizipendi, maji yakiingia unabeba ndoo 2 miguuni. Chukua raba nyepesi yenye soli ya meno mafupi, ya mpira laini, ambayo hata ikilowa inakauka. Kamba zifungwe hadi juu. Soksi ndefu, suruali uichomeke ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Utaonekana mshamba, vumilia.

Na fimbo. Fimbo ni mguu wa tatu wakati wa kushuka, shika ile inayokufikia kifuani, siyo kiunoni. Kosa lako la Lushoto nalijua bila kuwepo: ulishuka ukiwa umeegemea nyuma, kisigino kikitangulia. Kisigino ndicho kinachoteleza. Kunja magoti kidogo, hatua fupi, mwili uwe juu ya miguu yako, na pakizidi shuka ubavu ubavu. Ukihisi unakwenda, kaa mwenyewe kabla hujakalishwa.

---

Kocha Bonge

Barafu tena! Haya, Gombe nitakuja kukuonyesha.

---

Mtoto wa Unyanyembe (Tabora)

Asanteni sana wakuu, nimecheka na nimeogopa kwa wakati mmoja. Kweli nilishuka na kisigino, umejuaje?

Maswali ya nyongeza. Mmoja wetu anataka kuja na mdogo wake wa miaka 13, anawapenda sana sokwe. Mwingine ana kikohozi kisichoisha, tangu mwaka mpya. Na je, tunaweza kupanda wenyewe bila mwongozaji ili kupunguza gharama? Sisi ni watu wa mazoezi, hatutahitaji kushikwa mkono.

---

Mama wa Kalinzi

Wanangu, marahaba.

La mtoto: Gombe hawaruhusu walio chini ya miaka 15 kwenda kwa sokwe. Mwambieni mapema, msimfikishe hadi Kibirizi ndipo aanze kulia.

La kikohozi: huyo abaki nyumbani hadi apone. Sokwe wanashika mafua yetu kabisa, na mafua yanayokulaza wewe siku 2 yanaweza kumuua sokwe. Ndiyo maana mnavaa barakoa na kukaa mita 10 mbali, na muda wa kuwatazama ni saa 1 tu. Mtu anayekohoa akificha ili asipoteze nauli yake ya treni, mimi namwita mchoyo.

La mwongozaji: hamruhusiwi kuingia msituni bila yeye, na mshukuru. Kukimbia kwenye lami hakumfundishi mtu njia ya nguruwe na njia ya watu ni ipi. Kila mtu abebe kitambulisho cha NIDA, bila hicho hamtalipa kiingilio cha raia.

Sasa chakula, ambacho hakuna aliyekigusa, wanaume nyinyi. Nyani wa pale wamezoea watu kupita kiasi. Ndizi mkononi ni mwaliko. Mlango wa chumba ufungwe kwa komeo hata ukienda msalani. Safarini bebeni karanga na mihogo ya kuchemsha, mle pale mwongozaji atakaposema, maganda yarudi nanyi. Mkirudi mjini tafuteni samaki wetu mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, mtajua kwa nini watu wa Kigoma hatuna haraka ya kuhama.

Kingine, jioni msijitose ziwani ovyo kwa kuona maji ni maangavu. Kichocho kipo. Na vyandarua, mvua ikiwa imetoka tu kukatika ndipo mbu wanapostawi.

---

Sikonge Nyuki

Kwa nini msiende Mahale? Ndiko kwenye mlima wa kweli.

---

Mwisho wa Reli

Mahale ni kitu kingine, ndugu yangu. Kilomita za mraba 1,613, na kilele cha Nkungwe kina mita 2,462. Kutoka ziwani ni karibu mita 1,700 za kupanda, mnalala njiani na mnakwenda na askari mwenye silaha. Iko zaidi ya kilomita 100 kusini ya mji. Kwa mtu wa kichuguu, Gombe kwanza.

Na mkiona ukingo wa juu ni mzito, hakuna aibu. Kuna maporomoko ya Kakombe, njia yake fupi na iko ndani ya msitu, inapitika hata mvua zikiwepo mradi mvuke kijito polepole. Halafu kuna kilele kile alichokuwa akikaa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, na darubini yake, si juu kabisa, lakini mabonde yote yanaonekana. Mama wa watu alifika Julai 1960, kiangazi. Mvua zilimkuta huko huko, na hakushuka.

---

Chuma cha Zamani

Nilisema ahirisha mapema kabisa, hakuna aliyenipa asante.

---

Mtoto wa Unyanyembe (Tabora), 3 Juni

Mrejesho wakuu, maana nyuzi nyingi humu huishia hewani.

Tuliahirisha (asante Chuma). Tukaenda wiki ya mwisho ya Mei, watu 5. Wa kikohozi alibaki, akapimwa, yuko kwenye dawa. Wa miaka 13 alinuna, kaka yake kamwahidi baada ya miaka 2.

Mabonde yalikuwa na unyevu bado. Kwenye kijito cha Kakombe mawe mawili yalinitetemesha, nikavuka kwa kukaa na kujisogeza kama mtoto, mwongozaji akasema ndivyo wanavyofanya wenye akili. Juu nyasi zilikuwa ndefu lakini zimeanza kulala, njia inaonekana. Siafu tuliwakuta mara moja, soksi ziliokoa heshima. Kupanda kutoka kambini hadi ukingoni kulituchukua saa 3 na nusu, kushuka saa 3 kasoro. Ndiyo, karibu sawa, kwa sababu nilishuka kama Mwisho wa Reli alivyosema na wenzangu wakanisubiri mara 4. Tulianza saa 12 na nusu asubuhi. Mvua haikunyesha hata tone.

Ufukwe si kama wa picha za zamani, ziwa lilipanda sana miaka ya 2020 na 2021 na mwongozaji alituonyesha mahali palipokuwa mchanga. Sokwe tuliwaona siku ya pili, mama na mwanawe, chini kabisa karibu na kambi, baada ya kuwatafuta juu siku nzima ya kwanza.

Kongo niliiona. Nilikaa pale dakika 20 bila kupiga picha.

Kocha Bonge, mmoja wetu alikuja na njumu baada ya kukusoma. Kwenye udongo alitupita wote akiimba. Kwenye jiwe la kwanza la kijito alikaa majini na begi lake, simu ikiwa mfukoni. Anakusalimia.

---

Kocha Bonge

Mwambie aiweke kwenye mchele.