Jibu: Hita za siti, umeme nichukue wapi?

Shikamooni wakubwa wa Kusini. Minneapolis huku baridi imeshaanza kuuma na siti zangu ni kitambaa kitupu. Nimenunua hita za kuweka ndani ya siti, za mbele zote mbili. Jamaa hapa ananishauri nichomekee kwenye plagi ya sigara, yaishe. Mjomba wa Mikindani, upo?

—

Marahaba mpwa, nipo. Na asicheke mtu kwamba fundi wa pwani anafundisha hita. Magari ya Japani yanatufikia nazo, na dereva akigusa kile kitufe kwa bahati mbaya mwezi wa Desemba, analeta gari mbio akidhani siti inaungua.

Plagi ya sigara achana nayo. Hita moja inakula kama wati 50, yaani ampea 4 na ushee. Zikiwaka mbili, ongeza chaja ya simu, fyuzi ya ampea 10 haichelewi kukatika.

Tafuta rilei ya ampea 30, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, ile ya miguu minne iliyoandikwa namba 30, 85, 86 na 87. Mguu 30 unatoka betri, na fyuzi ya ampea 15 ikae karibu kabisa na betri, sio chini ya siti. Waya ukichunika kabla ya kufika kwenye fyuzi ukagusa bodi ya gari, hakuna cha kuuzuia usiwake moto. Mguu 87 unakwenda kwenye hita, 85 kwenye bodi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae. 86 upate umeme ufunguo ukiwashwa tu, la sivyo utasahau swichi usiku na asubuhi betri kimya. Waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha.

Cha kuogopa hasa ni zile soketi za njano chini ya siti. Hizo ni za eabegi, mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Usizipime kwa taa ya majaribio hata kidogo. Toa hasi ya betri, subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, ndipo uguse siti. Halafu siti ya abiria nyingi zina kihisio kinachotambua kama mtu amekaa. Hita ikilala juu yake kinaweza kusoma uongo. Kama yako inacho, weka ya dereva tu. Mkwe wangu mpe blanketi.

Kabla ya kurudisha kitambaa, pima hita kwa mita: isome ohmu 3 hivi. Isiposoma kitu, irudishe dukani. Siti nayo isogeze mbele na nyuma mpaka mwisho, uone waya haubanwi kwenye reli.

—

Asante mjomba. Za njano nimeziona, tena mbili. Huo umeme wa 86 nitoe fyuzi ipi?

—

Ya redio au ya waipa. Zima ufunguo, pima. Ikisoma sifuri, na ukiwasha ufunguo ikasoma umeme, hiyo hiyo. Ya eabegi na ya breki usiziguse.