Kichwa cha treni cha umeme au cha mvuke kwa reli ya bustanini?

Mkazi wa Uyole:
Habari zenu, ndugu. Nimeanza kutandaza reli ya treni ndogo ya mfano, yenye nafasi ya milimita 45 kati ya vyuma vyake viwili, katika bustani yangu yenye mteremko. Je, kitanifaa kichwa cha umeme, au cha mvuke wa kweli kinachochemsha maji kwa gesi?

Fundi wa Mafinga:
Ndugu, mteremko huo ndio utakaoamua. Kichwa cha mvuke kisicho na rimoti huishiwa nguvu kikipanda na hukimbia ovyo kikishuka, hata kikaanguka kwenye kona, kwa hiyo kama huwezi kusawazisha njia, chukua cha umeme. Ila usipitishe umeme kwenye reli, kwani umande na vumbi vitakulazimisha kuzisugua mara kwa mara. Weka betri ndani ya behewa.

Mama wa Iringa:
Nakubaliana na fundi kuhusu betri, lakini mvuke una raha yake, na ile harufu ya mafuta ya moto haiigiziki. Angalia tu baridi ya Juni na Julai: msukumo wa gesi ya butane hupungua, moto ukafifia, ndiyo maana tangi lake huzungushiwa maji ya uvuguvugu, kamwe si ya kuchemka. Boila ijazwe maji ya mvua yasiyoacha chokaa, na valvu ya usalama ikaguliwe kabla ya kuwasha.

Fundi wa Mafinga:
Nyongeza: mafuta yanayotemwa na cha mvuke huchafua reli, ila cha betri hakijali.

Mkazi wa Uyole:
Ahsanteni sana. Nitaanza na betri, na kona nitazitanua ili cha mvuke nacho kije kupita.