Ati "nani kapika wali wa nazi humu?" Wallahi leo nimekoma na ile saluni

BintiKibokoni (amefungua uzi)

Nimeketi kwenye ngazi za kwetu, buibui sijavua, mkono watetemeka. Naandika hivi hivi kabla sijapoa, maana nikipoa nitasamehe na sitaki kusamehe.

Mwamjua. Sitamtaja jina, lakini mwamjua. Yule mwenye saluni ya juu ghorofani, kioo cha rangi ya waridi, kiyoyozi cha kugandisha maiti, na lile kochi jeupe ambalo ukitaka kuketi akutazama kwanza nyuma kama una vumbi. Hakuna mwanamke kisiwani ambaye huyu mama hajazisema nywele zake. Ngome ya Fort Jesus ingekuwa na nywele angeiambia ncha zimekatika.

Jumamosi tuna harusi ya binamu yangu. Nikasema niende mapema, nioshwe, nichanwe vizuri, basi. Na nikabeba chupa yangu ya mafuta ya nazi ya nyanyangu, kwa sababu kichwa changu hakipatani na mafuta ya dukani.

Haya mafuta nyanya ayapika mwenyewe. Ya mashine hataki kuyasikia. Aketi juu ya mbuzi, akuna nazi nane, akamua tui zito, aliteleka kwa moto mdogo na kukoroga mpaka maji yote yakauke, mashapo ya chini yawe ya kahawia na mafuta yaelee juu maangavu kama machozi. Kisha ayatia asumini na kuyafunika siku tatu. Nyumba nzima yanukia. Mamangu amelelewa na hayo mafuta, mimi nimelelewa na hayo mafuta, na nywele zangu zimefika kiunoni ukizivuta, maana ni za kujikunja, kila uzi kama kamba ya simu ya zamani.

Sasa. Nimeketi pale, chupa nimeiweka mbele ya kioo. Nusu saa na kile kiyoyozi, mafuta yakaganda yakawa meupe. Akaja, akaiinua chupa juu kama mwalimu aliyemshika mtoto na simu darasani. "Hii nini, samli?"

Nikanyamaza. Nikasema ni mtu mzima, mwache.

Akashika kishungi changu kimoja kwa vidole viwili. VIWILI. Kama aokota mende. Akakisogeza puani, akafumba macho, akageuka kwa saluni nzima: "Jamani, nani kapika wali wa nazi humu ndani?"

Watu kumi na wawili walicheka. Alicheka msichana anayefagia. Alicheka bi harusi wa mtu aliyekuja kupakwa piko. Alicheka hata mama aliyekuwa ndani ya draya, hasikii kitu, alicheka kwa kuwaona wenzake wacheka.

Wali wa nazi. Mimi. Kichwa cha nyanyangu. (Ndiyo, kichwa changu ni cha nyanyangu, yeye ndiye aliyekipaka tangu nina siku arubaini.)

Akaniosha kwa shampuu mara mbili "kutoa jiko". Akakausha kwa draya mpaka zikalia. Kisha akachukua kitana cha meno madogo akaanzia juu, kwenye mizizi, nywele kavu! Mwenye nywele za kujikunja anajua, huanzi juu. Waanza na ncha, zikiwa zimelowa, wapanda kidogo kidogo na chanuo la meno mapana. Nilisikia zikikatika kama kuni za mkaratusi. Nikaona vishungi sakafuni. Na bado alikuwa anaimba-imba "wali wa nazi" huku achana.

Mwisho akaniuzia chupa ya "mafuta ya kukuza" kwa shilingi 1,800, nikatoa kwa aibu nipate kuondoka. Nimefika nyumbani nimesoma nyuma ya chupa. Cha kwanza kwenye orodha ni paraffinum liquidum. Mafuta ya madini! Yatokayo kwenye petroli ghafi! Ya nazi yananuka jiko, ya petroli yananuka nini, gari?

Vidole viwili, jamani. Vidole viwili.

---

MamaTudor
Pole mwanangu. Nimemjua kwa kochi tu, sikuhitaji kusoma zaidi. Mimi aliniambia nywele zangu ni ufagio wa chelewa, mbele ya mkwe wangu. Mwaka wa tatu huu na mkwe akija kwangu bado ninajifunga leso mbili.

DumeLaLikoni
Nimesoma "wali wa nazi" saa saba mchana, nikasimama kutafuta sahani. Dada uko mtaa gani, nije na samaki wa kupaka?

BintiKibokoni
Cheka tu. Ungekuwa wewe umeinuliwa nywele kwa vidole viwili ungelia.

DumeLaLikoni
Mimi nina upara dada. Angeinua nini?

Mwalimu_Changamwe
Nafundisha kemia, mniruhusu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa Mombasa kwa kawaida hatuyaoni yakiganda kwa sababu ya joto letu, ndiyo maana mtu akiyaona meupe adhani yamechanganywa. Kuganda kwenye kiyoyozi ni tabia yake. Yeye ndiye hajui anachokiuza wala anachokicheka.

Na jambo la pili. Mwaka 2003 kulichapishwa utafiti kwenye Journal of Cosmetic Science uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea kwenye nywele. Sababu ni asidi ya lauriki: molekuli yake ni ndogo na imenyooka, inapenya ndani ya uzi wa nywele. Mafuta ya madini yanabaki juu. Kwa hiyo nyanya alikuwa mbele ya maabara.

BintiKibokoni
MWALIMU. Mungu akupe umri. Naichapisha hii niibandike kwenye kile kioo chake cha waridi. Nyanya nimemsomea, ameuliza "huyo mwalimu ana mke?"

PwaniNairobi
Mimi niko Nairobi, mwezi wa saba mafuta ya nazi nayakwangua kwa kijiko kama siagi. Nikiingia matatu na kile kichwa watu wanafungua madirisha. Hapa wanasema "wewe ni wa Coast, tumejua kwa harufu." Kwa hiyo dada, jua huku nako tunatukanwa.

ChanuoLaMbao
Mtanipiga lakini nitasema. Mafuta ya nazi si ya kila kichwa. Mimi yalinifanya nywele ngumu kama makuti ya paa, nikahamia ya simsim. Na wengi wenu mwapaka mafuta kwenye nywele kavu mkidhani mwazipa unyevu. Mafuta hayana maji ndani yake! Yafungia maji yaliyomo. Kama hamna maji, wafungia ukame.

BintiKibokoni
Nani kakwambia napaka kwenye kavu? Nalowesha kwanza, natia kondishona, nasuuza, zikiwa bado zatiririka ndipo natia mafuta kiganjani, nasugua, nashusha kutoka katikati mpaka ncha. Mafuta ya ngozi ya kichwa hayawezi kushuka kwenye nywele iliyojikunja, yakwama juu, ndiyo maana ncha zetu hukauka. Nalijua hilo tangu nina miaka sita. Usinifunze kichwa changu leo, nimefunzwa vya kutosha kwa vidole viwili.

ChanuoLaMbao
Sawa shoga, sikukutukana. Lakini usiyapake kwenye ngozi kama una mba. Ule ukungu unaoleta mba hula mafuta. Wengi wanaujazia sahani kila usiku halafu wanashangaa mabega meupe.

AmiKisauni
Mba gani? Mba wa Kisauni hautokani na mafuta, ni maji ya kisima. Yale ya chumvi. Ukiosha nywele nayo zasimama kama zimeona jini. Shampuu haitoi povu, sabuni haitoi povu, hata machozi hayatoi povu.

Zainab_wa_Bamburi
Ami umenigusa. Mfereji kwetu wiki ya tatu wakohoa tu. Leo asubuhi ulitoa sauti, tukakimbilia na ndoo watu saba, ukatoa mjusi.

AmiKisauni
Na mwenye mkokoteni wa maji akijua mfereji umekauka bei yapanda kabla hajafika mlangoni. Jana mtungi mmoja amenifanya nimwite "mheshimiwa".

BintiKibokoni
Jamani, uzi ni wa nywele. Nimetukanwa mimi.

KichwaMviringo
Turudi kwa wasusi basi. Wangu wa Kongowea anisuka huku ala viazi vya karai. Kila fundo laja na ukwaju. Nilipofika nyumbani siafu walinifuata mpaka kitandani. Na nikimwambia, anajibu "ukwaju wang'arisha".

MamaTudor
Wangu mimi asuka nusu kichwa, kisha asema anatoka mara moja. Mara moja! Nilikaa tangu alasiri hadi adhana ya isha, upande mmoja mabutu, upande mmoja msitu. Nikavuka barabara ya Digo hivyo hivyo kutafuta tuktuk.

FundiMkasi
Nyie wanawake mwaona mwaonewa. Kinyozi wangu Majengo aninyoa macho kwenye mpira. Timu yake ikafungwa dakika ya mwisho, akaruka na mashine kichwani mwangu. Nimevaa kofia mwezi mzima. Watu wakadhani nimeokoka dini upya, shekhe akanisifu.

BintiKibokoni
Wali. Wa. Nazi. Mwajua maana ya kuambiwa hivyo mbele ya watu kumi na wawili? Hata sasa nikijinusa nasikia asumini, si wali. ASUMINI. Pua yake ina nini?

Nusrat_M
Dada, mimi nilikuwa pale leo. Nilikuwa kwenye kochi. Sikucheka. Nilitabasamu tu. Nisamehe.

BintiKibokoni
Wewe ndiye mwenye leso ya njano! Nilikuona! Meno yalitoka!

Nusrat_M
Ni meno yangu, hutoka yenyewe. Na ukweli nilitamani kukuuliza hayo mafuta wayapata wapi, yalikuwa yanukia saluni nzima. Nyanya auza?

BintiKibokoni
Hauzi. Hukupa ukimsalimia vizuri. Njoo jioni, lakini ukicheka mlangoni utarudi na mkono mtupu.

Zainab_wa_Bamburi
Na mimi naja. Naleta chupa mbili. Na ya nyonyo je, yeye huyachanganya? Mimi nilipaka ya nyonyo matupu, mazito yale, kichwa kikashikana kama kamba ya jahazi.

BintiKibokoni
Achanganya kidogo sana, kijiko kimoja kwa chupa, tena kwa ncha tu. Peke yake asema ni dawa ya tumbo.

DumeLaLikoni
Mimi sina nywele, lakini bado nataka kujua: mchele ulikuwa gani?

FundiMkasi
Mchele gani tena?

DumeLaLikoni
Wa kwenye wali. Huwezi kusema wali wa nazi kiholela. Pishori wa Mwea ndio unaokunywa tui vizuri.

AmiKisauni
Pishori? Kwa wali wa nazi? Wewe ulizaliwa Likoni au ulishushwa na treni? Basmati, tui jepesi kwanza, likikauka ndipo watia kasimile, lile tui zito, wapalia mkaa juu ya kifuniko.

MamaTudor
Ami, ukitia kasimile mwisho bila kukoroga utakula wali mkavu chini na mafuta juu. Kasimile hutiwa mchele ukiwa nusu. Na iliki mbili, si kumi kama mfanyavyo Kisauni.

PwaniNairobi
Mnanitesa. Huku nazi moja ni bei ya nauli ya kwenda na kurudi, na ukiivunja ina maji ya siki.

BintiKibokoni
Nimesema uzi ni wa NYWELE. Nimejiangalia tena kwenye kioo, nimehesabu vishungi vilivyokatika, ni vinne vizima. Jumamosi nitavifunika na nini?

ChanuoLaMbao
Lowesha leo usiku, tia mafuta ya nyanya, suka mabutu manne makubwa, funga kwa kitambaa laini cha hariri, usifumue mpaka Jumamosi asubuhi. Ukifumua chovya vidole kwenye mafuta kwanza. Vilivyokatika vitajificha ndani ya vingine. Na weka vikuba, vile vishada vya maua yanukiayo.

BintiKibokoni
Ahsante. Hilo ndilo neno la kwanza la maana tangu mchana, baada ya mwalimu.

Mwalimu_Changamwe
Nina mke, mwambie nyanya.

AmiKisauni
MamaTudor bado hujanijibu. Iliki mbili kwa kilo ngapi?

MamaTudor
Kilo moja. Na mbaazi zako watia tui lini, au nalo wakisia?

Zainab_wa_Bamburi
Mbaazi zikishaiva kabisa, ukitia mapema latengana. Nani ana mahamri ya leo?

DumeLaLikoni
Nimeshavuka feri. Niko upande wa kisiwani na samaki changu mmoja mkubwa, amepakwa, amechomwa. Nani alisema nyumba ya nyanya ni mlango gani?