Kikohozi cha msimu wa salfa: ni kiasi gani kinatokana na salfa yenyewe?

Nesi_Tandahimba
Habari zenu. Nipo zahanati ya kijijini huku Tandahimba. Kuanzia Juni watu wakianza kupulizia mikorosho unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, benchi letu linajaa: kikohozi, kifua kubana, macho kuwasha. Nikalisema hilo kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akaniuliza: "Nesi, katika hao, wangapi wasingekohoa kama salfa isingekuwepo?" Rejista ninayo. Nikilinganisha Julai na Machi inatosha?

Mzee_wa_Takwimu, Mtwara mjini
Mwanangu, mwenyekiti wako kauliza swali lenyewe hasa. Wengi wetu huishia kusema "anayepulizia yuko hatarini mara mbili". Hiyo ni habari ya mpuliziaji. Kwa kijiji kizima unahitaji pia kujua ni watu wangapi wanaivuta. Morton Levin wa Marekani aliyaunganisha hayo mawili mwaka 1953 kwa sigara na saratani ya mapafu.

Chukua mfano wa kubuni. Kijiji kina watu wazima 1,000. Wanaovuta salfa ni 400, wanakohoa 80. Wasiovuta ni 600, wanakohoa 60. Jumla 140. Kama wote wangekohoa kwa kiwango cha wasiovuta, wangekuwa 100. Wamezidi 40, na 40 katika 140 ni kama asilimia 29. Hilo ndilo jibu la mwenyekiti.

Julai na Machi usilinganishe kabisa! Julai ni kipupwe, mafua yapo na vumbi lipo. Salfa utaibebesha na ya baridi. Linganisha watu wa Julai hiyohiyo. Tena wapuliziaji wengi ni wanaume, na wavuta sigara wengi wamo humo, kwa hiyo watenganishe wavuta sigara na wasiovuta sigara. Halafu rejista ina wagonjwa tu. Wazima utawapata kwa kupita kaya kwa kaya na mhudumu wa afya ya jamii.

Mama_Newala
Samahani, mimi si mtaalamu. Hao wasiovuta salfa mtawatoa wapi? Nyumba yangu iko katikati ya mikorosho. Jirani akiwasha mashine alfajiri, unga unaingia mpaka jikoni. Wanangu hawajawahi kushika mashine, na wanakohoa.

Mzee_wa_Takwimu
Mama kagusa penyewe. Watu kama wanao ukiwaweka kundi la wasiovuta, kikohozi chao kinapandisha kiwango cha kundi hilo, tofauti inapungua, salfa inaonekana safi. Nesi, panga ngazi tatu: anayepulizia, anayeishi kando ya shamba, anayeishi mbali. Watoto wahesabu peke yao.

Kijana_Masasi
Mzee, tukipiga hesabu ya salfa, ya moshi wa kuni na ya sigara, jumla ikivuka asilimia 100?

Mzee_wa_Takwimu
Inaweza kuvuka na hesabu ikawa sahihi. Mtu anayekohoa kwa sababu salfa imekutana na sigara anahesabiwa kote kuwili, maana ukiondoa mojawapo hakohoi.

Nesi_Tandahimba
Shikamoo mzee, na ahsante mama. Basi kwenye rejista naongeza maswali mawili: umepulizia wiki hii? Nyumba yako iko umbali gani na shamba linalopuliziwa?

Mzee_wa_Takwimu
Marahaba. Ongeza la tatu: ulifunga barakoa?