Jaketi la baridi linalopitisha jasho: tupeane uzoefu, watu wa Kigoma na Tabora

MwishoWaReli (Kigoma mjini)

Wakuu, heshima kwenu. Kila mwaka kuna vijana wa huku wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro, na wengine wanapata masomo kwenye nchi za theluji, ambako wanakuta wenzao wanakimbia, wanaendesha baiskeli na kuteleza kwenye theluji huku maji yameganda. Karibu wote wanakosea pale pale: wananunua jaketi nene kuliko yote sokoni. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tunaiogopa baridi tusiyoijua, tunadhani dawa yake ni unene. Kwa mtu aliyekaa, sawa. Kwa anayepanda au kukimbia, adui wa kwanza ni jasho lake mwenyewe.

Mwili ukifanya kazi nzito ndani ya nguo zilizozidi unaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa, hata nje pakiwa baridi. Jaketi halina joto lake. Linashika tu hewa iliyotulia katikati ya nyuzinyuzi, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lako lisikimbie. Jasho likichukua nafasi ya ile hewa, umeula wa chuya, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Unapotembea husikii kitu. Unaposimama dakika tano ufungue biskuti, upepo unakuja, na hapo ndipo meno yanapoanza kugongana.

Kwenye uzi huu tuleteeni mambo ya vitendo yenye vipimo: kinachoharibika, kwa nini, na unakitambuaje kabla hujatoa hela. Hadithi za safari tuziweke kando kwa leo.

BeloLaMwanga (Soko la Mwanga)

Wengi wetu tunanunua mtumba, kwa hiyo nianzie mezani. Usikimbilie jina la kampuni, anza na mdomo. Shika jaketi sehemu ya kifua, bana tabaka zote kwa pamoja, yaani kitambaa cha nje, kijazo na bitana. Libandike mdomoni mpaka midomo izibe, kisha puliza kama unapuliza puto. Kiganja cha mkono wa pili kiwe upande wa nje.

Hewa ikifika kiganjani huku mashavu yakijaa kidogo tu, hilo ni jaketi la kazi. Mashavu yakifura na hewa ikachoropoka pembeni mwa midomo, hilo ni la kusubiria basi. Ikipita bila ubishi kama unapuliza chandarua, litapumua vizuri sana, ila upepo nao utalipita, hivyo utahitaji koti jepesi la upepo la kuvaa juu yake. Rudia mgongoni na chini ya kwapa, maana majaketi mengi ya michezo yamechanganywa: mbele kitambaa kinachozuia upepo, ubavuni kitambaa cha kuvutika kinachopitisha hewa. Ukipima mbele peke yake utalikataa jaketi zuri.

Halafu lebo ya kufulia, ambayo mara nyingi iko kwenye mshono wa ubavuni kwa ndani. Jaketi la Ujerumani likisema Füllung ni kijazo, Futter ni bitana, Daunen ni manyoya laini ya ndege, Federn ni manyoya yenye vijiti. La Kifaransa litasema doublure kwa bitana na duvet kwa manyoya laini. Ukikuta kijazo kimeandikwa polista asilimia 100, bado hujajua lolote, kwa sababu kuna polista ya mto wa kulalia na kuna polista ya mwanamichezo. Hapo sasa majina yanasaidia: Polartec Alpha, PrimaLoft Gold Active, Coreloft, Octa. Alpha ilibuniwa kwanza kwa ajili ya vikosi maalumu vya jeshi la Marekani, watu wanaokimbia na mzigo kisha wanalala chini bila muda wa kuvua na kuvaa. Ukiiona lebo hiyo kwenye belo, usiiache.

Jambo la mwisho ni unene. Kijazo cha viwandani hupimwa kwa gramu kwa mita mraba. Gramu 40 hadi 60 ni la kutembea na kukimbia nalo. 80 hadi 100 ni la mwendo wa taratibu. Kuanzia 130 ni la kusimama. Mtumba hauandikwi namba hizo mara nyingi, basi libane kwa vidole viwili mbali na mshono. Lile la 60 vidole vinakaribia kugusana bila nguvu.

FundiUjiji

Naongeza kwa nini majaketi ya zamani hayapumui, ili mjue mnachokikwepa. Nyuzinyuzi za kijazo zina tabia ya kuchungulia nje kupitia kitambaa, unaona vijisindano vyeupe juu ya jaketi jeusi. Viwanda vilizuia hilo kwa kutumia nailoni iliyofumwa kwa kubana sana nje na ndani. Vijisindano vikakoma, na mvuke nao ukakosa njia. Vijazo vipya nyuzi zake zimeshikana zenyewe, kwa hiyo kitambaa kinaweza kulegea na hewa ikapita.

Sasa ugonjwa mkubwa wa mtumba huku kwetu kwenye joto na unyevu wa ziwa. Majaketi mengi ya kuzuia mvua yamepakwa utando wa poliuretani kwa ndani. Utando huo unaoza polepole kwa unyevu na joto, hata jaketi likiwa limetundikwa tu. Ingiza mkono ndani ya mkono wa jaketi na usugue. Ukikuta pananata kama ulimbo, au panabanduka maganda madogo kama ya kitunguu, au harufu kali ya uchachu inapanda puani, liache. Hakuna sabuni wala uzi utakaolirudisha.

Jaketi likiwa zima ila halipumui vya kutosha, linaweza kuokolewa kwa zipu za kwapani. Unahitaji zipu mbili za sentimita 25 hadi 30. Weka chaki kwenye mshono wa chini ya mkono, nusu ya urefu iende mkononi na nusu ubavuni, katikati yake iwe chini kabisa ya kwapa. Kabla ya mkasi, piga mistari miwili ya cherehani sambamba, sentimita moja kati yake, ikishika nje, kijazo na bitana kwa pamoja, na ufunge ncha zote mbili. Hapo ndipo unakata katikati ya mistari. Ukikata kwanza, kijazo kitateleza kirudi ndani na kuacha mfuko mtupu kwapani. Sindano namba 70 au 80, uzi wa polista. Sindano nene inaacha tundu kwenye nailoni, na uzi wa pamba unanyonya maji. La manyoya usiguse hata kwa mistari miwili, yatatoka tu.

Zipu ya mbele ikifungwa na kuachia nyuma yake, mara nyingi meno ni mazima, kilichopanuka ni kile kichwa kinachoteleza. Kibane kidogo kidogo kwa koleo pande zote mbili za nyuma, jaribu, bana tena. Ukibana kwa hasira mara moja kinapasuka.

MguuWaMlima (Tabora)

Nakubaliana na yote, ila naomba tusiwapotoshe wanaokwenda Kilimanjaro. Mlima ule una hali mbili tofauti.

Kwa wastani hewa hupoa kama sentigredi 6 kila ukipanda mita 1,000. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 na Uhuru iko mita 5,895, tofauti ni zaidi ya mita 5,100. Mchana wa sentigredi 27 Kigoma ni sawa na karibu sentigredi 4 chini ya sifuri kule juu, hapo hujaweka usiku wala upepo. Na kileleni watu huenda usiku, huondoka kambi ya mwisho karibu saa sita ili wafike kunapopambazuka. Sentigredi 10 chini ya sifuri si jambo la ajabu, na inaweza kushuka zaidi.

Usiku ule mwendo ni hatua moja, pumzi mbili. Hewa ni nyembamba, mwili hauwezi kukimbia hata ukitaka, na jasho ni dogo. Ukivaa lile la gramu 60 linalopitisha upepo, peke yake, utaganda. Kwa hiyo ni mawili. La kupumua ni kwa siku za kupanda kutoka msituni hadi kambi za juu, unapobeba begi kwenye jua huku kivuli kikiwa na baridi. La pili ni nene, lenye kofia, la ukubwa unaopita juu ya lile la kwanza bila kulibana, na linakaa begini hadi kambini na usiku wa kilele. Manyoya yanafaa kwa hilo la pili, kwa sababu ni mepesi na yanabanika. Hayafai kwa la kwanza: yakilowa jasho yanashikana mabonge na joto linaisha.

Mpagazi mwenye kilo 20 kichwani yuko kwenye hali nyingine kabisa, anatoka jasho mahali ambapo mgeni wake anatetemeka. Wanyamwezi tunaijua kazi ya mzigo tangu enzi za misafara ya Bagamoyo, na inaniuma kuona mpagazi kapewa koti zito la mvua ndiyo nguo yake pekee. Anafika kambini kalowa kwa ndani.

Mtabora_Ughaibuni (Norwei)

Mkuu MguuWaMlima yuko sahihi, kasi ndiyo inayochagua jaketi. Huku kuna mchezo wa kuteleza masafa marefu kwenye theluji ya tambarare na vilima, ule ambao Mkenya Philip Boit alishiriki kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Mikono na miguu vyote vinasukuma. Kwenye sentigredi 5 chini ya sifuri wengi hawavai kijazo chochote: fulana ya ndani na koti jembamba la upepo basi. Kijazo cha 40 hadi 60 kinaanza kuhitajika kuanzia 10 chini ya sifuri, na hata hapo kiwe mbele tu, mgongo uwe wazi.

Kanuni ya huku ni kuanza ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukitoka mlangoni umestarehe, ndani ya dakika 10 au 15 umelowa. Zipu ifunguliwe kabla jasho halijaonekana. Ukisubiri mpaka ulisikie mgongoni umechelewa.

Chini ya jaketi pasiwe na pamba. Fulana ya pamba inashika jasho kama dekio na kuibatilisha kazi yote ya jaketi la juu. Vaa polista nyembamba au sufu ya merino. Wanorwei wana fulana ya wavu kabisa, matundu makubwa kuliko ya wavu wa dagaa, chini ya fulana nyingine. Matundu yanashika hewa kavu kwenye ngozi na mvuke unapita katikati.

Ukikuta namba kwenye jaketi la kuzuia mvua, 10,000 au 20,000 za kupumua ni gramu za mvuke kwa mita mraba kwa saa 24. Viwanda vinapima kwa njia tofauti, usilinganishe kampuni mbili kwa namba hiyo. RET, yaani kipimo cha jinsi kitambaa kinavyouzuia mvuke kutoka, ni bora kidogo: ndogo ndiyo nzuri, chini ya 6 ni nzuri sana, juu ya 20 ni sawa na kuvaa mfuko.

Baiskeli_Kasulu

Shikamoo fundi. Naomba kuuliza, huku tunalipimaje jaketi wakati hakuna baridi ya kutosha? Hata Kasulu asubuhi ya Julai ni sweta tu.

FundiUjiji

Marahaba. Tumia kikombe cha chai. Jaza maji ya moto mpaka nusu, funika kwa sehemu ya jaketi ikiwa tabaka zote, kisha egemeza juu yake kioo kidogo kikavu kilichokaa kwenye maji baridi na kufutwa. Kioo kikipata ukungu ndani ya dakika moja au mbili, mvuke unapita. Kikibaki safi huku chini ya bitana pamelowa matone, hilo jaketi litakulowesha hivyo hivyo. Pima jaketi mbili kwa wakati mmoja, vikombe viwili, ndipo tofauti inaonekana.

Kwa baiskeli livae na uiname kama umeshika usukani. Mgongo usifunuke kiunoni, na mikono ifike kwenye kifundo. Upepo wote unakupiga kifuani, kwa hiyo kwako wewe mbele pazibe na mgongoni papumue.

BeloLaMwanga

Watu wanaua majaketi kwenye beseni. Maji yasizidi sentigredi 30, sabuni ya maji kidogo, suuza mpaka povu liishe kabisa. Usiweke dawa ya kulainisha nguo: inapaka nyuzi mafuta, kitambaa cha nje kinaanza kunywa maji, na kitambaa kilichokunywa maji hakipumui tena hata kama kilikuwa cha bei mbaya. Jiki marufuku. Usikamue kwa kusokota, kandamiza kwenye taulo. Kausha kivulini lililolala, siyo kwenye kamba, maana kijazo kilicholowa ni kizito na kinavuta mishono. Pasi ya mkaa usiisogeze kabisa, nailoni inayeyuka.

La manyoya ligeuze kila saa na uvunje mabonge kwa vidole, hata siku mbili. Lishike juu ya taa: ukiona madoa meusi yenye kingo, bado kuna mabonge mabichi ndani, na yakifungiwa hivyo yataoza.

MguuWaMlima

Moja nililisahau, la begi. Mikanda ya mabegani na wa kiunoni inabana kijazo mpaka hewa inaisha, na mgongo haupumui hata jaketi likiwa la aina gani. Jaribu jaketi ukiwa na begi lenye kilo zako kamili, panda ngazi dakika 20, kisha livue na ushike bitana ya mgongoni na ya kifuani kwa zamu. Mgongoni patakuwa pamelowa, hilo ni kawaida. Kifuani napo pakiwa pamelowa, chukua jepesi zaidi. Na mshono wa bega usikae chini ya mkanda, utachubua ngozi siku ya pili.